Barua mbili mezani: ofisi ya kila siku au kazi ya mseto, ipi itaachia familia nafasi?

Jumapili ya juzi shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kwetu Kahawa West akiwa na barua mbili za ajira ndani ya bahasha moja. Zote zilihitaji jibu kabla ya Ijumaa. Mtoto wake ana miaka miwili na nusu, mumewe ni dereva wa teksi, nao wanakaa mtaa wa Utawala, hapa Nairobi. Tulipomaliza kula akazitandaza mezani. "Shem," akaniambia, "habari ya mshahara achana nayo, huo nimeuona. Niambie ipi haitanivunjia nyumba."

Sikumjibu siku hiyo. Nimefanya kazi ya uhasibu hapa Nairobi tangu 2011 na mke wangu ni muuguzi. Kati yetu wawili tumepitia karibu kila mpangilio wa kazi unaopatikana jijini: ofisi ya kila siku, nusu ofisi nusu nyumbani, nyumbani kabisa, zamu za mchana na zamu za usiku. Kila mpangilio ulibadilisha namna tulivyoongea sisi kwa sisi, na ulibadilisha watoto walimkimbilia nani wakianguka. Kwa hiyo nilimwomba aniachie nakala, nikazisoma kwa utulivu. Haya ndiyo niliyomwandikia, nikiongeza mambo machache kwa yeyote aliye na barua yake tofauti.

Barua zenyewe

Ya kwanza ni ya ofisi moja ya Upper Hill. Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na saa moja ya chakula cha mchana. Jumamosi hakuna kazi. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, ya uzazi miezi mitatu. Yaani kile kile sheria inachotaka, bila nyongeza.

Ya pili ni ya kampuni ya Westlands. Siku mbili ofisini, siku tatu nyumbani. Likizo ya mwaka siku 25, ya uzazi miezi minne. Mshahara unaizidi ya kwanza kwa karibu robo. Kuna ukurasa mzima unaoeleza jinsi kampuni inavyojali familia za wafanyakazi, na chini ya kichwa cha saa za kazi kuna sentensi moja: saa ni nyumbufu (yaani zinaweza kusogezwa) kulingana na mahitaji.

Ukizisoma mbiombio utaona hapana cha kulinganisha, ya pili imeshinda. Mimi pia niliielekea. Lakini kila nilipoirudia nilikwama pale pale kwenye neno "mahitaji". Mahitaji ya nani?

Barabara

Nianze na kile ambacho barua ya pili inashinda bila ubishi. Kutoka Utawala hadi Upper Hill kwa matatu, unaingia mjini kwanza kisha unabadilisha gari. Shemeji aliwahi kufanya kazi upande huo, na hesabu yake ni saa moja na nusu asubuhi na saa moja na nusu jioni, mvua isiponyesha. Saa tatu kwa siku. Kwa siku tano ni saa 15. Westlands nako si karibu, tuseme ni saa tatu vile vile, lakini kwa siku mbili ni saa 6 tu. Tofauti ni saa 9 kila wiki. Kwa mwaka wa wiki 48 za kazi zinakuwa saa 432, na hizo ni siku 18 kamili, mchana na usiku, umekaa kwenye kiti cha matatu.

Saa hizo zinatoka kwa mtoto moja kwa moja. Mama anayeondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi anamwacha mtoto amelala. Akirudi karibu saa moja usiku anamkuta ameshakula, ameshaoga, macho yanafumba. Katika siku tano za wiki, anayemwona mtoto akiwa macho ni dada wa nyumbani. Yeye ndiye anayesikia neno jipya likitoka kinywani kwa mara ya kwanza. Sisemi haya kumlaumu mama yeyote. Nasema kwa sababu barua ya ajira huongea kama vile siku ya kazi inaanza mlangoni pa ofisi, ilhali kwa familia inaanza mlango wa nyumbani unapofungwa.

Na huyo dada naye ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Yeye hajaachwa nje. Ikiwa utulivu wako kazini unasimama juu ya msichana anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa nne usiku, bila Jumapili, basi mzigo umeuhamisha tu kutoka mgongo wako hadi wake. Ukipiga hesabu ya barua yoyote, mhesabu na yeye.

Saa inayojulikana

Barua ya kwanza nayo ina kitu ambacho ya pili haina, na ilinichukua miaka mingi kujua thamani yake.

Kati ya 2013 na mwanzo wa 2020 nilifanya kazi Eneo la Viwanda. Ofisi ilikuwa ya kawaida kabisa, haikuwa na sera yoyote ya kupendeza. Saa kumi na moja jioni tulifunga vitabu, mlinzi akazima taa za ghorofa. Kifungua mimba wetu alikuwa hajajua kusoma saa. Lakini kwetu jua huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, na adhana ya magharibi ya msikiti wa jirani huingia mnamo saa kumi na mbili na nusu. Binti yangu alijua baba anakuja baada ya adhana. Ikisikika, anavaa ndara na kwenda kukaa kwenye ngazi. Kuna siku foleni ya Thika Road ilinishika na nikachelewa nusu saa, lakini hakulia, maana alijua niko njiani.

Kisha ukaja Machi 2020. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13, shule zikafungwa siku chache baadaye, na sisi wa ofisini tukaambiwa tufanyie kazi nyumbani. Niliona kama zawadi. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili vya kulala, kwa hiyo nikageuza kimoja kuwa ofisi na kufunga mlango. Wiki za mwanzo zilikuwa tamu, tulikula chakula cha mchana pamoja kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Lakini saa za kazi ziliota miguu. Ripoti iliyokuwa inangoja kesho ikawa ya leo usiku, kwa kuwa kompyuta iko pale pale na kila mtu anajua uko nyumbani.

Siku moja nilisikia mlango ukigongwa na sauti ndogo ikisema, "Hodi, baba." Binti yangu alikuwa anapiga hodi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama mgeni, akiwa ameshika daftari. Nilimwambia angoje dakika tano. Nilipotoka, alikuwa amelala kwenye kochi na daftari limefunguka kifuani. Usiku ule niliikumbuka ile ngazi.

Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, kampuni yetu ilibaki na mpangilio wa mseto na kuuita nyumbufu. Ujumbe wa WhatsApp ulikuja saa tatu usiku, nikasimama kutoka mezani. Ulikuja Jumamosi tukiwa njiani kwenda harusini, nikaegesha gari kando ya barabara. Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Jioni moja aliniambia, "Afadhali ungekuwa kwenye foleni, ningejua uko wapi." Tulikaa kimya siku mbili baada ya hapo. Alikuwa amesema kweli.

Ndiyo maana nikimwandikia shemeji sikuishia kwenye idadi ya saa. Familia inaweza kuzoea saa chache. Watoto wa mabaharia wa Mombasa wamezoea miezi. Ambacho familia haizoei ni saa zisizojulikana: baba aliyepo ambaye dakika yoyote anaweza kuitwa, mama aliyeahidi kusoma hadithi kisha simu ikalia. Ahadi ni deni, na kazi isiyo na mipaka inakukopesha madeni kila jioni kwa mtoto ambaye hajui kusamehe riba.

Saa nyumbufu, na anayezinyumbua ni nani

Neno ni moja, mambo ni mawili. Kuna unyumbufu wa mfanyakazi: unampeleka mtoto kliniki kwa chanjo saa nne asubuhi, unafidia kazi jioni baada ya kumlaza, hakuna anayekuuliza. Huu ni neema, na mwenye mtoto mdogo au mzazi mgonjwa asiuache kwa tofauti ndogo ya mshahara. Na kuna unyumbufu wa mwajiri: wewe ndiye unayenyumbuliwa. Unapatikana asubuhi kwa sababu ni asubuhi, na jioni kwa sababu "si uko nyumbani?"

Barua haitakuambia ni upi. Lakini kuna njia ya kujua, na ya kwanza ni kuuliza wateja wao wako wapi. Shemeji alikuwa anajua: wengi wako Marekani. Nikamchorea saa. New York ikiwa saa tatu asubuhi, ofisi zinafunguliwa, hapa Nairobi ni saa kumi jioni, au saa kumi na moja wanaporudisha saa zao nyuma msimu wa baridi. Wao wakifunga saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa sita usiku au saa saba. Maana yake mkutano wanaouita wa asubuhi unaangukia wakati wa kumwogesha mtoto, na wa mchana unaangukia usingizi wako. London ni afadhali, iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu tu, kwa hiyo siku yao inaisha kwetu saa moja au saa mbili usiku. Kampuni yenye wateja wa Uingereza na yenye wateja wa Marekani zinaweza kukupa barua yenye maneno yale yale, lakini nyumbani kwako zitakuwa kazi mbili tofauti.

Njia ya pili ni kuomba saa ziandikwe. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinataka mkataba wa maandishi utaje mahali pa kazi na saa za kazi, na mabadiliko yakija yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha aarifiwe kwa maandishi. Wengi wetu tunasaini tukitazama mstari wa mshahara peke yake. "Kulingana na mahitaji" si saa. Mwulize afisa wa wafanyakazi kwa heshima kabisa: katika siku za nyumbani, ni saa ngapi hadi saa ngapi lazima nipatikane? Na baada ya hapo, ujumbe ukija, unangoja kesho au haungoji?

Swali hilo la mwisho limefika hata bungeni. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherarkey aliwasilisha mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kujitenga na simu na ujumbe wa kazi nje ya saa zake. Waajiri waliupinga. Ufaransa ina sheria ya aina hiyo tangu Januari 2017, inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zizungumze na wafanyakazi wao kuhusu mipaka hiyo. Kwako wewe uliye na barua mkononi leo, mpaka wenye nguvu ni ule ulioandikwa juu ya saini yako.

Siku za likizo

Hapa watu hubishana sana, na naona ni sehemu rahisi. Siku 25 zinazidi 21 kwa siku nne. Lakini angalia kwanza kama barua inasema siku za kazi au siku tu. Sheria inasema siku za kazi. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, siku 21 ni wiki nne na siku moja. Kwa anayefanya siku sita ni wiki tatu na nusu. Mwajiri akihesabu Jumamosi na Jumapili ndani yake, wa siku tano ameliwa wiki nzima na zaidi. Angalia pia kama utaruhusiwa kuigawa ilingane na kufungwa kwa shule Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Sheria inaruhusu kuigawa mkikubaliana, na sehemu moja kwa kawaida isipungue wiki mbili mfululizo, msipokuwa mmepatana vingine. Hizo wiki mbili ndizo zinazotosha kwenda ushago na kurudi ukiwa umepumzika.

La muhimu zaidi ni kama likizo hiyo ni likizo kweli. Kitinda mimba wetu alipozaliwa nilikuwa kwenye ile kazi ya mseto. Nilipewa wiki mbili za baba, kwa mshahara kamili, kama sheria inavyotaka. Kompyuta ilibaki nyumbani. Siku ya nne niliombwa nitazame faili moja tu. Siku ya sita nilikuwa kwenye mkutano huku mke wangu, mwenye mshono, akiinuka mwenyewe kumchukua mtoto. Kwa kifungua mimba, nikiwa Eneo la Viwanda, nilipata wiki mbili zile zile, lakini kompyuta ilibaki juu ya meza ya ofisi na mwenzangu alikabidhiwa funguo za kabati. Nilikuwa nyumbani. Nilijifunza kumkanda mama mtoto kwa maji ya moto, na mama mkwe akanionyesha namna ya kumbeua mtoto baada ya kunyonya. Kwenye karatasi likizo zilikuwa sawa, lakini mke wangu hazikumbuki kwa namna moja.

Basi kwa shemeji nilisema: miezi minne ni bora kuliko mitatu, lakini uliza ni nani atashika kazi yako ukiwa hupo. Wakikosa jibu, mwezi wa nne una tundu. Pia uliza kuhusu kunyonyesha ukirudi. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na ampe mama muda wa kufanya hivyo usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, ukihesabiwa ndani ya saa zake za malipo. Ofisi ya Upper Hill ina chumba hicho, alikiona alipokwenda kwa mahojiano. Katika siku tatu za nyumbani za barua ya pili swali hilo linajijibu lenyewe.

Kazi mbili chini ya paa moja

Kosa kubwa nililofanya mimi ni kuchagua kazi yangu bila kuiweka kando ya kazi ya mke wangu.

Yeye ni wa zamu. Watu wa nje hudhani zamu ndizo zinazovunja nyumba, na mimi nilidhani hivyo. Lakini katika hospitali aliyokuwa mwanzo rosta ilibandikwa wiki ya mwisho ya kila mwezi. Tuliinakili kwenye kalenda ya jikoni kwa kalamu za rangi: njano kwa asubuhi, kijani kwa jioni, bluu kwa usiku. Hata mtoto wa chekechea aliisoma. Akiona bluu alijua mama analala mchana na TV inapunguzwa sauti, na kwamba baba ndiye wa kukagua kazi za shule. Siku za usiku zilikuwa ngumu mwilini mwake, hilo silifichi, na wiki nzima ya usiku ilitufanya tuonane kama makondakta wanaopokezana gari. Ila tulijua inaanza lini na inaisha lini.

Alipohamia kwingine, rosta ilianza kuja kwa simu, wakati mwingine jioni ya kuamkia zamu yenyewe. Saa alizofanya kwa mwezi zilikuwa zilezile. Kalenda ikabaki nyeupe. Mkutano wa wazazi shuleni hakuna aliyeweza kuuahidi. Ugomvi wetu wa mwaka ule karibu wote ulianza na maneno "lakini ulisema". Kwa hiyo ukilinganisha kazi mbili za zamu, uguzi, hoteli, ulinzi, kituo cha simu, usiulize tu kuna zamu ngapi za usiku. Uliza rosta inatoka siku ngapi kabla. Na wakikuomba kubaki zaidi, uliza kama unalipwa au unarudishiwa siku. Amri ya jumla ya mishahara inaweka ovataimu kuwa mara moja na nusu siku za kawaida, na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu. Penye karo ya kulipa pesa ina kazi yake. Penye mtoto anayesahau sura yako, chukua siku.

Wakati ule wote mimi nilikuwa kwenye kazi nyumbufu, na hapo ndipo nyumba ilipoyumba. Zamu zake hazikuwa zinasogezeka, kwa hiyo kila kilichohitaji mtu kilisogea upande wangu: fundi wa maji, mwalimu, gesi, mtoto mwenye homa. Nami nilinuna, kwa sababu bosi alikuwa anadhani niko kazini na mke wangu alikuwa anadhani niko nyumbani. Wote wawili walikuwa sahihi. Mwenye kazi ya nyumbani huwa ndiye mlinda lango wa kila mtu, na akiwa mwanamke mzigo huo huongezeka mara mbili bila mtu kuutamka. Nimewaona majirani wakimwachisha dada kazi kwa kuwa "mama sasa yuko nyumbani". Mtoto wa miaka miwili na nusu hafahamu mkutano ni nini. Nilimwonya shemeji waziwazi: ukichukua barua ya pili, dada abaki, na siku za nyumbani zihesabike kuwa za kazi hata kwa mumeo.

Mumewe, kama nilivyosema, ni dereva wa teksi. Saa zake nzuri ni asubuhi watu wakienda kazini, jioni wakirudi, na usiku wa Ijumaa. Mchana anaweza kuwa nyumbani. Hiyo inamaanisha barua ya kwanza ingewaweka wote wawili barabarani saa zilezile, na mtoto mikononi mwa dada pande zote mbili za siku. Barua ya pili, kama saa zake zingejulikana, ingemwacha mama asubuhi siku tatu na baba mchana. Ndani ya nyumba yao, kwa kazi zao, mizani inaelemea ya pili, kwa sharti hilo moja.

Kwa nyumba nyingine ningesema tofauti. Mzazi anayelea peke yake, asiye na ndugu karibu, ningemshauri achukue saa zisizobadilika hata kwa mshahara mdogo, maana kituo cha kulelea watoto kina saa ya kufunga na hakuna wa kumtuma. Aliye na mzazi mzee kijijini, mseto au nyumbani kabisa una faida ambayo pesa hainunui: rafiki yangu mmoja hukaa Murang'a kwa mamake wiki moja kila mwezi, akifanya kazi kwa intaneti ya simu, na dawa za mama za shinikizo la damu hazijarukwa tena. Wenye watoto wa sekondari za bweni, nadhani likizo ya Aprili, Agosti na Desemba ni nzito kuliko mpangilio wa kila siku.

Alichofanya

Nilimtumia haya Jumatatu usiku. Jumanne aliwaandikia wote wawili. Ofisi ya Upper Hill aliwauliza kama anaweza kuingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi, aikwepe foleni ya jioni. Kampuni ya Westlands aliwaomba mambo mawili kwa maandishi: siku mbili za ofisini zitajwe kwa majina, na muda wa kupatikana siku za nyumbani uwekwe kwa saa.

Upper Hill walimjibu siku hiyo hiyo, kwa adabu, kwamba saa haziwezi kuguswa. Westlands walikaa kimya hadi Alhamisi, na mke wangu akaanza kusema hilo ndilo jibu lao. Kisha barua mpya ikaja. Ofisini Jumanne na Alhamisi. Nyumbani saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mkutano mmoja na wateja wa Marekani, kila Jumatano, saa tatu hadi saa nne usiku, na jioni nyingine ujumbe unangoja asubuhi.

Alinipigia akiwa na mumewe kando, simu iko kwenye spika. Mumewe alisema Jumatano si siku ya biashara kubwa, ataegesha gari saa mbili na kumlaza mtoto yeye. Nikasikia kalamu ya rangi ikikwaruza karatasi: walikuwa wanaichora kalenda. Shemeji akauliza, "Shem, usiku mlikuwa mnaweka rangi gani?" Nikamwambia bluu.